Evaristo Bracamonte na Ndege Namba 571

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi mliotoka Tucson asubuhi na vumbi la barabara bado liko kwenye viatu vyenu, poleni kwa msiba. Leo, Jumamosi tarehe 6 Februari 2016, tunamzika hapa Ajo Evaristo Bracamonte. Mjane wake, Amparo, amemwomba Rosendo, mdogo wa pekee wa marehemu, auandike wasifu huu na ausome. Alimwambia, "Shemeji, sema ukweli, lakini usiwe mrefu." Ukweli utasemwa. Ufupi hauna uhakika. Na kwa kuwa si adabu msomaji kujitajataja mbele ya jeneza la mwenzake, kila mtakaposikia "mdogo wake", mjue ni huyu huyu aliyesimama mbele yenu na karatasi.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Ajo tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa kwanza wa Don Cipriano Bracamonte, mchimbaji wa shaba, na Doña Eulalia. Mdogo wake alimfuata baada ya miaka minne, na hapo mama akasema inatosha. Walilala kitanda kimoja mpaka Evaristo alipokwenda jeshini. Ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuendesha baiskeli na kupiga mbinja. Ndiye pia aliyemchongea kwa baba kila alipokosa. Baba alikuwa akirudi kutoka mgodini, anavua kofia, anauliza, "Nani kavunja kioo?" na Evaristo anajibu, "Rosendo," kabla Rosendo hajapata hata nafasi ya kutunga uongo. Hakuwa na chuki. Aliulizwa, akajibu. Majirani walimsifu kwa mama: "Doña Eulalia, huyu mkubwa wako hajui kabisa kusema uongo." Mama akawaambia, "Hajui, na anayechapwa ni huyu mdogo."

Shule alisoma hapa Ajo, akamaliza Mei 1966. Vitabu havikumpenda sana, naye hakuvibembeleza. Mikono ndiyo iliyokuwa na akili. Akiwa na miaka kumi na tano alilifungua gari la padri likabaki vipande vipande uani kwa kanisa, padri akaanza kusali kwa sauti, na jioni likawaka. Septemba 1966 alijiunga na jeshi la anga, akapelekwa Texas kujifunza ufundi wa ndege za kivita.

Mwaka 1969, wakati wa vita vya Vietnam, alipelekwa kambi ya Udorn, Thailand, na huko akakabidhiwa ndege aina ya Phantom, namba 571. Kwa watu wa kazi ile, rubani huazima tu. Mwenye ndege ni fundi wake mkuu. Ndiye anayeitia saini asubuhi kwamba iko salama, na asipotia saini hata jenerali hairushi. Jina lake hupakwa rangi ubavuni chini ya jina la rubani, na lake lilipakwa: Sajenti E. Bracamonte. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na nyumbani alikotoka hakuwahi kuwa hata na kabati lake mwenyewe. Ndege ikiruka, alisimama pale lami inapoishia, hali wala hakai, mpaka irudi. Ilirudi mara mia moja na kumi na nne. Za wenzake kadhaa hazikurudi. Miaka yote iliyofuata, ukimwuliza habari za vita, alisema maneno mawili tu: "Yangu ilirudi."

Alitoka jeshini mwaka 1974, na Januari 1975 akaajiriwa kama raia kwenye kiwanja cha kuhifadhia ndege za kijeshi nje ya Tucson, ambako wengi wenu mlimfahamu. Ndege ikishastaafu huletwa pale kwa sababu jangwa ni kavu na ardhi ni ngumu. Inakamuliwa mafuta, inatiwa oili kwenye mishipa yake, kila ufa unabandikwa utepe, kisha juu inapuliziwa rangi nzito nyeupe inayokauka kama mpira, ili jua na vumbi visiingie. Halafu inakaa. Nyingine hukaa miaka thelathini. Mjini wanapaita makaburi ya ndege, na aliyelitamka neno hilo mbele ya Evaristo alirekebishwa papo hapo. "Hakuna aliyekufa pale," alikuwa akisema. "Zimelala."

Alifunga ndoa na Amparo tarehe 18 Juni 1977, kusini mwa Tucson. Alichelewa kanisani dakika arobaini, akaingia na madoa ya rangi nyeupe kwenye nywele.

"Nilidhani umenikimbia," bibi harusi alimwambia mbele ya padri.

"Upepo ulibandua utepe kwenye vioo vya ndege sita."

"Sita tu? Si ungezimaliza zote. Harusi hata kesho ipo."

Watu walicheka mpaka mpiga gitaa akakosa wimbo. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Marisela, aliyezaliwa mwaka 1980.

Mdogo wake aliajiriwa kiwanjani pale mwaka 1978, kwa neno la Evaristo. Haki isemwe: bila kaka yake asingeipata kazi ile, na ilikuwa miaka kumi mizuri kuliko yote aliyowahi kuishi. Walikula chakula cha mchana pamoja kivulini chini ya bawa, tortila, zile chapati nyembamba za Amparo, na maharagwe, huku wakitazama kwanza kama nyoka hajakitangulia kivuli kile. Ndege zilikuwa nyingi mpaka zikaishia kwenye upeo wa macho. Evaristo alikuwa akizisalimia kwa namba. Mdogo wake alimwambia siku moja, "Kaka, utakuja kuoga na kuvaa tai kwa ajili yao." Hakucheka. Alikuwa anafikiri kama inafaa.

Tarehe 9 Aprili 1986 ililetwa 571. Evaristo aliiona ikiwa bado angani, akasema "Ile ni yangu," akashuka ngazini na kuacha vifaa vyake juu. Walioileta walikuwa wameiandika kwa kalamu ubavuni, kama ilivyo desturi ya kuaga: "Mtunzeni bibi yetu, alitubeba." Evaristo alisubiri waondoke, akachukua kitambaa na dawa ya kuondolea rangi, akasugua pale ubavuni. Chini ya jina moja kulikuwa na jina jingine, na jingine, mpaka la sita au la saba, zikatokea herufi za B na R na A. Alilia. Mdogo wake alijifanya anapima upepo wa matairi.

Aliifunga ndege ile kwa mikono yake mwenyewe, hakukubali msaidizi. Tangu siku ile, kila Ijumaa baada ya kazi alipita kuikagua, utepe kwa utepe. Penye doa alipaka upya. Zile za jirani zilipigwa jua zikawa kama mikate iliyoungua, hii ikabaki mbichi. Amparo akaibatiza mke mwenza. Ukimpigia simu jioni ya Ijumaa kumwulizia mumewe, alikujibu, "Leo si zamu yangu. Mpigie mwenzangu, ila hana simu."

Sasa tufike kwenye saa, kwa sababu nusu yenu mnaijua habari hiyo kwa upande mmoja na nusu kwa upande mwingine.

Kila ndege ina saa mbele ya rubani. Ndege ikiletwa kuhifadhiwa, saa hutolewa na kuwekwa kwenye sanduku ghalani, na hapo ndipo safari yake inapoishia. Kuichukua ni kosa. Ni kosa ambalo karibu kila mtu wa kiwanja kile alilifanya angalau mara moja, na wengine mko hapa mnatazama viatu vyenu. Mwaka 1988 Evaristo alikuwa anatimiza miaka arobaini. Mdogo wake aliingia ghalani, akatafuta sanduku la 571, akatoa saa yake, akaisafisha, akaifunga kwa karatasi ya zawadi. Alidhani hakuna zawadi itakayoishinda ile duniani. Alikuwa na furaha wiki nzima.

Tarehe 14 Machi, mezani kwa Amparo, keki ikiwa imeshakatwa, Evaristo alifungua karatasi. Akaigeuza saa, akasoma namba nyuma yake.

"Umeitoa wapi?"

"Unajua ilikotoka. Kule Udorn uliitia ufunguo kila asubuhi. Ni yako, kaka."

"Si yangu. Ni ya serikali."

"Serikali ina saa elfu nne kwenye masanduku, na hakuna anayeziuliza ni saa ngapi."

Meza nzima ilicheka. Evaristo aliifunga tena ile karatasi, kwenye mikunjo yake ile ile, akamaliza keki yake, akasema ahsante.

Kesho yake asubuhi aliipeleka ofisini. Msimamizi wa wakati ule alikuwa mzee mmoja, Dwight Pruitt, marehemu naye sasa, mtu asiyetafuta makuu. Yaliyosemwa ofisini mle mdogo wake aliyapata kwa Pruitt mwenyewe, baadaye, na Evaristo hakuyakana.

"Bracamonte, andika kwamba saa ilikutwa kwenye sanduku lisilo lake," Pruitt alisema. "Mstari mmoja, kisha twende tukanywe kahawa."

"Haikukutwa kwenye sanduku."

"Huyu ni mdogo wako, bwana."

"Ndiyo. Jina lake nimeshaliandika."

Mdogo wake alifukuzwa kazi kwa wizi wa mali ya serikali, akafikishwa mahakamani, akapewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Baada ya hapo hakuna ofisi wala kiwanda kilichomtaka. Alipata kazi ya kupaka lami kwenye mapaa ya nyumba za Tucson, na aliyewahi kukanyaga paa la Tucson mwezi Juni hahitaji kuelezwa. Aliifanya miaka ishirini na miwili. Magoti anayosimamia hapa ndiyo yaliyobaki.

Hakumsemesha kaka yake mpaka mwaka 1991, baba alipofariki. Doña Eulalia aliwaita jikoni wote wawili, akafunga mlango, akamwambia mdogo: "Kaka yako hawezi kusema uongo. Kaumbwa hivyo. Ungemchukia mtu kwa kuzaliwa kiwete?" Mdogo wake alilipima neno lile akaliona lina mashiko. Kama hawezi, hawezi. Hata kama angekuwa mama mwenyewe aliyechukua ile saa, Evaristo angeandika jina lake. Basi walipeana mikono, wakala pamoja. Krismasi zikarudi kuwa Krismasi. Kwa imani ile moja tu, kwamba hawezi, mdogo wake aliweza kukaa naye meza moja miaka minane.

Mwaka 1997 jeshi lilitaka ndege za zamani zilizo imara, zitengenezwe ziruke tena bila rubani, halafu zitunguliwe kwa makombora juu ya bahari, ili marubani vijana wajifunze shabaha. Wakaguzi walikuja na orodha. Walikuwa wanatafuta zilizotunzwa vizuri kuliko zote. Ndugu zangu, mmeshaelewa. Walipofika kwa 571, mmoja wao alimpongeza Evaristo, akamwambia zingetunzwa hivi zote, kazi yao ingekuwa rahisi. Miaka kumi na moja ya Ijumaa aliitumia kuichagulia kombora, na angeiacha iungue na jua kama jirani zake, ingekuwa hai mpaka leo.

Siku mbili baadaye, Evaristo Bracamonte, asiyejua kusema uongo, alichukua fomu ya 571, akachora msalaba mwekundu unaomaanisha ndege hii isiruke, na kando yake akaandika: ufa kwenye mhimili wa bawa la kushoto. Akaweka saini na mhuri wake.

Hakukuwa na ufa. Walileta mashine ya eksirei kutoka nje, wakapiga bawa la kushoto, na la kulia kwa kuhakikisha, wakakuta chuma kizima kama siku kilipotoka kiwandani. Kwa heshima ya utumishi wake hawakumfukuza. Walimnyang'anya mhuri, wakampeleka stoo kugawa fagio na glavu, na huko alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2003. 571 iliondoka Novemba 1997. Ilitunguliwa mwezi Aprili 1999. Aliyempa habari alikuwa mmoja wa waliokuwepo, na Evaristo alimwuliza swali moja tu, kama ilianguka au ilipasuka. Akaambiwa ilipasuka. Alikwenda kukaa ndani ya gari lake, Amparo akamletea chakula huko huko.

Haya yote mdogo wake hakuyajua. Aliambiwa tu kwamba ndege imechukuliwa na kaka yake amebadilishiwa kazi. Aliyajua Desemba 1999, jikoni kwa Amparo, mikono yote imo kwenye unga wa mahindi wa tamales, chakula cha Krismasi. Amparo alikuwa anamwombea mumewe huruma.

"Shemeji, mchangamshe kaka yako, amekwisha. Ameipenda ndege ile mpaka akaiandikia uongo, na bado wameichukua."

"Kaandika nini?"

"Ule ufa. Si unajua."

Hakuwa anajua. Alitoka na unga mikononi, akaendesha gari hivyo hivyo mpaka nyumbani. Kumbe aliweza. Miaka yote ile aliweza, kalamu ilikuwepo, mstari ulikuwa mmoja, na Pruitt alikuwa ameshamtungia maneno. Mwenye kovu usidhani kapoa, wazee wamesema, na hili halikuwa limefunga hata juu. Hawakusemezana tena miaka kumi na mitatu. Kwenye maziko ya mama walisimama pande mbili za kaburi.

Mwaka 2013 Evaristo aligundulika na ugonjwa wa mapafu. Marisela yuko Denver na watoto wadogo, macho ya Amparo hayamruhusu kuendesha. Amparo alipiga simu, na mdogo wake akaanza kumpeleka kaka yake hospitali Jumanne na Ijumaa. Msimsifu. Alikwenda kwa sababu aliyepiga simu alikuwa Amparo. Miaka miwili walikwenda na kurudi wakizungumzia foleni na hali ya hewa, mtungi wa hewa katikati yao. Ijumaa moja ya Oktoba iliyopita, wamesimama kwenye taa, Evaristo alisema, "Umekasirika mpaka leo."

"Mpaka kesho kutwa."

"Ulikosa, Rosendo."

"Nilikosa. Sijawahi kubisha. Ninachouliza ni kimoja: nani alikuruhusu kuandika uongo? Maana mimi niliambiwa huwezi."

Taa ikawaka kijani. Waliokuwa nyuma wakapiga honi. Mdogo wake hakuliondoa gari.

"Ile ndege haikuwa na mtu wa kuisemea," Evaristo alisema.

"Na mimi nilikuwa na nani?"

Alivuta hewa ya mtungi. Kisha akasema, "Wewe nilijua utaishi."

"Niliishi juu ya mapaa, kaka."

"Lakini uliishi."

Ndiyo yote aliyoyasema. Mdogo wake aliendesha polepole mpaka hospitali, akilisubiri neno linalofuata. Neno lenyewe ni fupi, na mtoto wa miaka mitatu analiweza. Halikuja. Hakulisikia Jumanne iliyofuata, wala Ijumaa yake, wala Krismasi, wala Januari yote. Kila safari aliizima redio ili lisije likapotea.

Evaristo Bracamonte alifariki nyumbani kwake Tucson, Jumanne tarehe 2 Februari 2016, saa moja na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Mdogo wake alikuwa nje ndani ya gari, injini inaunguruma, amekuja kumchukua. Amparo alitoka mlangoni na aproni yake, akasimama tu.

Marehemu ameacha mjane, Amparo, aliyemvumilia kuliko alivyostahili mwanamume yeyote. Binti, Marisela, na mumewe Todd. Na wajukuu wawili, Celina na Abel. Ameacha pia mdogo mmoja, Rosendo. Huyu hajamsamehe. Shemeji, ulitaka ukweli, na ukweli ndio huo. Alikuwa tayari kusamehe kwa neno moja, hata likisemwa vibaya, hata likisemwa huku anatazama dirishani. Jumanne ijayo ataamka saa kumi na moja unusu kama alivyozoea, atavaa viatu, atachukua funguo, na hatakuwa na wa kumpeleka popote, wala wa kumkasirikia.

Pumzika kwa amani, kaka, ingawa umeondoka nayo yote.